Goti la Muna

Badriya alijua kwamba kazi yake imepewa mtu mwingine akiwa kwenye ngazi za umeme za stesheni ya metro ya Olaya, begi la viatu vya mpira begani, anawahi mazoezi ya asubuhi. Ukutani, kwenye skrini pana kama mlango wa ghala, palitokea uso wa Hala Seif. Alivaa jezi ya kijani ya chuo chao, amekunja mikono kifuani, anatabasamu. Chini yake yalikuwa maneno mawili tu ya Kiarabu: Kocha Mpya.

Badriya alisahau kwamba ngazi inakwenda. Ilipofika juu ikamyumbisha, na mwanamke mmoja asiyemjua akamdaka mkono. "Uko salama, dada?" Akaitikia kwamba yuko salama.

Kwa miaka sita yeye ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya wanawake ya chuo kile cha binafsi kaskazini mwa Riyadh. Alianza na wasichana tisa na mipira mitatu, wakichezea kwenye maegesho ya magari nyuma ya maabara, kwa kuwa uwanja wa nyasi ulikuwa wa wanaume. Aliwafundisha yote, hata namna ya kuanguka bila kuumia. Likizo zake alizimaliza kwenye kozi za ukocha mpaka akapata leseni. Msimu uliopita timu yake ilikuwa ya tatu katika ligi ya vyuo, na wale waliokuwa wakiwacheka wasichana wa maegesho walianza kuja kuwapigia makofi.

Hakwenda uwanjani. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Dk. Hamdan, mkurugenzi wa michezo.

"Tulitaka kukwambia leo," alisema Hamdan, bila hata kuinuka. "Watu wa matangazo wakatutangulia. Pole."

"Ana leseni ya ukocha?"

"Ana wafuasi milioni nne."

"Nimekuuliza leseni, daktari."

Hamdan aliweka simu yake mezani taratibu. "Ustadha Badriya, hakuna aliyesema hujui kazi. Utakuwa msaidizi wake, mshahara wako hautaguswa. Lakini niambie wewe mwenyewe, kwa insafu: katika mji huu wote, nani anakujua?"

Badriya alitaka kumtajia. Alitaka kumtajia wasichana themanini na zaidi, mmoja mmoja, na majina ya mama zao. Lakini lilikuwepo jingine, ambalo Hamdan hakuhitaji kulitaja. Badriya alizaliwa Jeddah, baba yake alifika kutoka Unguja mwaka sitini na nne akiwa mtoto wa kubebwa, lakini uraia hawakuupata. Alikuwa akiishi kwa ikama, kibali cha ukaazi, kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana, na kafili wake, mdhamini wa kibali hicho, alikuwa chuo.

"Halas, yamekwisha?" Hamdan aliuliza.

"Halas," alisema, akatoka.

Lililomkera zaidi ni kwamba Hala hakuwa mtu baki. Alikuwa mtoto wa mtaa wao wa Jeddah, wa Wazanzibari kama wao, mdogo kwake kwa miaka minane. Enzi zile mpira wa wasichana ulichezwa ndani ya kuta, kwenye ua wa nyumba ya mtu, mmoja akikaa mlangoni kusikiliza nani anapita. Hala alikuwa na umri wa miaka saba na tayari hapokonyeki mpira. Baadaye baba yake alipata kazi Ulaya wakahama. Huko mtoto akawa jina: klabu tatu kubwa, mabao yasiyohesabika, uso kwenye chupa za manukato. Harusini kwao, Jeddah, akina mama walimtaja Hala kama wanavyotaja watu waliohifadhi Kurani.

Kaka yake Badriya, Ghalib, karani wa bandari ya Jeddah, alimpigia simu mchana huo huo. Nyuma yake makreni yalikuwa yanapiga kelele.

"Nimesikia! Hala wetu! Si jambo la kufurahi hilo?"

"Kaka, amekalia kiti changu."

"Kakaa au kakalishwa? Wewe mkubwa, mpokee. Watu wasije wakasema Wazanzibari wanaoneana kijicho hata ugenini."

"Ugenini?" Badriya alisema. "Mimi nimezaliwa hapa." Akakata simu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia kaka yake.

*

Hala alikuja na wapiga picha wawili. Alimkumbatia Badriya mbele ya wasichana wote, akamwita "Da Badriya," akasema kwa Kiarabu kuwa huyu ndiye aliyemfunza kupiga mpira ukutani. Wasichana wakashangilia. Badriya akatabasamu kwa sababu kamera ilikuwa inamtazama.

Kisha mazoezi yakaanza. Hala aliomba mpira wa juu, akaupokea kwa kifua, ukateremka mguuni kama paka anayerudi kwa mwenyewe, akageuka nao mara moja na kupiga. Wavu ukacheza. "Haya," alisema, "fanyeni hivyo."

Hawakuweza. Mpira uliwagonga vifuani ukaruka huku na kule. Akarudia, akawaonyesha tena, vizuri kuliko mara ya kwanza. Hawakuweza tena.

"Mbona rahisi?" Hala aliuliza, na haikuwa kejeli. Alikuwa hajui kwa kweli. Mwili wake ulikuwa unafanya mambo ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuulizwa yanafanywaje. Badriya aliyajua kwa sababu yeye hakujaliwa, kila kitu alikipata kwa kukivunja vipande vipande. Alipowasogelea wasichana kuwaeleza habari ya kulegeza kifua na kurudi nyuma nusu hatua, Hala akapiga filimbi: "Da Badriya, niachie kidogo, tafadhali."

Haki yake apewe. Jicho alikuwa nalo. Siku ya pili tu alimwambia Muna, kiungo mshambuliaji, kwamba kabla ya kupiga pasi ya kulia huwa anateremsha bega la kulia, na mabeki wanasoma. Badriya alikuwa na Muna miaka miwili na hakuwahi kuliona lile bega. Muna alilirekebisha ndani ya wiki, na tangu siku hiyo akawa haoni jua wala mwezi ila Hala.

Lakini jicho peke yake halifundishi timu. Wiki ikiwa na mazoezi matano, Hala alihudhuria mawili. Siku nyingine alikuwa kwenye uzinduzi, kwenye mahojiano, kwenye chakula cha wadhamini, na Hamdan ndiye aliyekuwa akimpeleka. Badriya aliwafundisha ukabaji siku tatu, Hala akaja siku ya nne kuubomoa kwa sababu ulikuwa "mpira wa woga". Walishinda mechi mbili za mwanzo kwa mazoea ya zamani, wakapoteza tatu, wakapenya kwenda nusu fainali kwa tofauti ya bao moja. Gazeti moja likaandika kwamba Hala anaijenga timu kutoka sifuri. Badriya alilisoma hilo neno sifuri akalikunja gazeti na kulitia kwenye pipa la taka, kisha akalitoa, akalichana, akalirudisha.

*

Nusu fainali ilichezwa Jeddah. Siku kumi kabla yake Muna alianza kuchechemea. Tabibu wa viungo wa timu alilipima goti, akaandika: mapumziko wiki tatu, asicheze. Badriya alimpa Hala karatasi ile mkononi, na akampigia simu baba yake Muna, Bwana Murad, msimamizi wa ghala huko Al-Sulay, kusini-mashariki mwa Riyadh, kumwambia binti yake atasafiri na wenzake lakini hatacheza.

"Nimekuelewa, mwalimu," alisema Murad. "Usimwache aingie. Mie namjua, atasema hasikii maumivu."

Uwanja ulijaa. Nusu ya Wazanzibari wa Jeddah walikuwa pale kwa ajili ya Hala, Ghalib miongoni mwao na skafu ya kijani shingoni. Kufika mapumziko timu ilikuwa nyuma bao moja kwa bila. Chumbani Hala alikuwa akizunguka tu. Hamdan aligonga mlango, akanong'ona naye nje dakika mbili, akaondoka.

Dakika ya sitini Hala aligeuka. "Muna, vua koti."

Badriya alisimama. "Hachezi huyo."

"Dakika thelathini tu, Da Badriya."

"Daktari ameandika. Karatasi unayo."

"Mie nimecheza nusu fainali na kidole cha mguu kimevunjika," Hala alisema kwa Kiswahili, haraka haraka, wasichana wasielewe. "Nikashinda. Maumivu ni kitu cha kuzoea. Tukitoka leo, unadhani watamlaumu nani? Wewe?"

"Hilo ni goti la mtoto wa mtu, Hala, si kidole chako."

Hala akamgeukia Muna, akamwuliza kwa Kiarabu: "Unaumwa?"

Msichana wa miaka ishirini, mbele ya mtu ambaye picha yake ilibandikwa ukutani juu ya kitanda chake tangu utotoni, angejibu nini? "Siumwi, kocha." Alikwisha vua koti.

Badriya alikataa kuijaza karatasi ya mabadiliko. Aliiweka benchini, akaikalia. Hala akachukua nyingine kwa mwamuzi wa akiba, akaijaza mwenyewe kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kusaini jezi.

Na Muna alicheza! Hilo ndilo lililomuumiza Badriya hata baadaye. Dakika ya sitini na nane aliwapita wawili na kumtengea mwenzake, ikawa moja moja. Dakika ya sabini na saba alipiga mwenyewe, bega halikuteremka hata kidogo, ikawa mbili. Uwanja ukapasuka. Dakika ya themanini na tatu alitua vibaya kutoka kwenye mpira wa kichwa, peke yake, hakuna aliyemgusa. Benchini waliusikia ukelele wake kabla hawajaona kilichotokea.

Filimbi ya mwisho ilipolia wachezaji walimrukia Hala, kamera zikamzunguka, vigelegele vya akina mama wa Kizanzibari vikaenda juu. Badriya alikuwa kwenye gari la wagonjwa, ameshika mkono wa Muna, anasikia shangwe ikififia nyuma. Muna alikuwa akiuliza swali moja tu, tena na tena: "Tumeshinda?"

Kano kubwa ya goti ilikuwa imekatika, na nyingine imechanika.

*

Siku nne baadaye, Riyadh, Hamdan alimwita Badriya akamsogezea karatasi mbili zilizokwisha pigwa chapa. Ilikuwa ripoti ya tukio. Ilisema kwamba msaidizi wa kocha, mwenye dhamana ya afya za wachezaji, alithibitisha kwamba mchezaji yuko tayari kucheza. Mahali pa kusaini palikuwa na jina lake.

Badriya aliisoma mara mbili.

"Huu ni uongo."

"Ni utaratibu. Baba wa msichana ameandika kwa wizara. Lazima pawe na jibu."

"Basi jibu ni kwamba Hala alimwingiza, mimi nikakataza, na tabibu alikuwa ameandika asicheze."

"Hala ni sura ya chuo." Hamdan alishusha sauti kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Wewe utapewa onyo tu la maandishi, litasahaulika. Ikama yako inaisha mwezi wa tatu, sivyo? Sisi ndio tunaoihuisha. Fikiri mpaka Jumatatu."

Alitoka akaingia kwenye jumba la mazoezi, akakaa kwenye ubao wa watazamaji, ripoti magotini, hajui amekaa kwa muda gani. Aliyemwinua ni Eucabeth, mama wa Kikenya aliyekuwa akisafisha jumba lile, mtu wa maneno machache na ndoo mbili.

"Coach, mimi si mtu wa mdomo," Eucabeth alisema, akitazama mlangoni kwanza. "Lakini huyo star wenu amejifungia huko chumba ya kubadilisha nguo. Analia. Leo ni siku ya tatu. Mimi naosha hapo nje, nasikia, halafu najifanya sisikii. Nani atamwambia atoke?"

"Aache alie."

"Sawa. Lakini wewe umekaa hapa na karatasi, yeye analia huko, na mtoto yuko hospitali." Eucabeth akachukua ndoo zake. "Mimi nimesema tu."

Badriya alikwenda. Alimkuta Hala sakafuni, mgongo ukutani, macho yamevimba, bila kamera hata moja.

"Umeiona hii?" Alimtupia ripoti.

Hala hakuiokota. "Wamenionyesha jana. Nikawaambia sitaki. Hamdan akasema nikifungua mdomo, mkataba utavunjwa na watasema nilidanganya kuwa najua kazi."

"Hujui kazi."

"Najua kwamba sijui!" Sauti ya Hala ilipasuka. "Unadhani sijaona? Naongea nao wananitazama tu. Kila mtu ananiambia nyota hawezi kushindwa. Siku ile mlangoni Hamdan aliniambia wadhamini wako jukwaani. Nikaona bora nishinde tu, mengine tutajua baadaye."

"Na mengine ndiyo haya." Badriya alijikuta anapiga kelele, kitu ambacho wasichana wake hawakuwahi kukisikia. "Wewe ukifukuzwa una pasi ya Ulaya, utapanda ndege. Mimi nikisaini hapa, jina langu limekwisha. Nisiposaini, napoteza nchi niliyozaliwa. Na hayo yote ni mepesi, Hala, kwa sababu mie na wewe tunatembea! Umekwenda hospitali? Umemwona?"

Hala akatikisa kichwa.

"Basi usinililie mimi."

Akaiokota ripoti mwenyewe, akatoka.

*

Jumatatu walikuwa wanne mezani: Hamdan, Hala, Badriya, na Bwana Murad aliyekuja na koti lake la kazi, vumbi la ghala bado mabegani. Hamdan alisoma ripoti kwa sauti nzuri ya kutangaza. Alipomaliza alimsogezea Badriya kalamu.

"Sisaini," alisema Badriya. "Bwana Murad, wewe nilikupigia simu kwa mdomo wangu. Unajua nilichokwambia."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja," alisema Murad. "Mimi nataka jina moja tu. Nani alimwambia binti yangu avue koti?"

Hamdan akaanza: "Ndugu yangu, mchezo una mambo yake..."

"Mimi," alisema Hala.

Hamdan alimtazama kwa jicho la kumnyamazisha, lakini Hala alikuwa akimtazama Murad. "Ni mimi. Huyu alinikataza mbele ya benchi zima. Karatasi ya daktari ilikuwa mfukoni mwangu. Niliijaza ile ya mabadiliko kwa mkono wangu, iko kwa waamuzi, mwandiko ni wangu."

"Hisia zimemzidi," alisema Hamdan. "Tuahirishe."

"Andika," Hala alimwambia. "Andika hivyo hivyo nilivyosema."

Murad hakumshukuru. Aliweka mikono juu ya meza. "Binti yangu anasoma hapa kwa sababu ya mpira. Angekuwa hachezi, mimi nisingeweza kumleta. Picha yako iko ukutani kwake tangu ana miaka kumi na mmoja. Ungemwambia aruke kutoka ghorofani, angeruka. Hilo hukulijua?"



Ripoti iliyotoka mwishowe haikumtaja mtu yeyote. Ilisema "ajali ya kimchezo". Kitu kimoja tu Badriya alikipigania mpaka kikaandikwa: Muna ataendelea kusoma bure, acheze asicheze. Hala alijiuzulu, na chuo kikatangaza kwamba ana sababu za kifamilia. Fainali walifungwa nne. Mwezi haujaisha, akatangazwa kocha mwingine: mtangazaji maarufu wa vipindi vya michezo ambaye hakuwahi hata kucheza. Badriya alipoisikia habari hiyo alicheka kicheko kibaya, kisha akaandika barua ya kuondoka. Chuo kidogo cha wasichana huko Jeddah kilikuwa kimekubali kuwa kafili wake. Katika mkataba aliwataka waongeze sentensi moja: tabibu akisema mchezaji asicheze, hachezi, asemalo kocha lisitazamwe. Walimwambia kitu kama hicho hakiandikwi. Akawaambia basi hasaini. Wakaandika.

Kabla ya kuhama alikwenda Al-Sulay kumuaga Muna. Msichana alikuwa amekaa kwenye godoro, mguu ndani ya chuma na kamba. Ukutani palikuwa na alama nne za gundi mahali ilipokuwa picha.

"Baba ameniambia hukusaini," Muna alisema.

"Sikusaini."

"Ahsante. Lakini, mwalimu, siku ile ulikaa. Uliikalia karatasi. Ungeweza kuingia uwanjani ukamwambia refa. Ungeweza kunishika."

Badriya alikuwa amekuja na hasira zake zote zimepangwa vizuri, za Hamdan, za Hala, za chuo. Hakuwa ameweka nafasi ya hii. "Ningeweza," alisema, na hakuongeza kitu, kwa sababu kila alichofikiria kuongeza kilikuwa utetezi.

*

Mwaka uliofuata Hala alimwandikia. Anataka kusoma ukocha kuanzia daraja la chini kabisa, na kozi iliyo karibu ni ile ya Jeddah ambayo Badriya alikuwa mmoja wa wakufunzi wake. Badriya alimtumia fomu bila salamu.

"Kwa hiyo umemsamehe," alisema Ghalib, ambaye tangu siku ile ya uwanjani hakuivaa tena skafu.

"Kaka, sijamsamehe. Nimempelekea fomu."

Siku ya kwanza Hala alikaa katikati ya walimu wa shule za msingi waliokuwa wakimwibia picha kwa simu. Zoezi lilikuwa dogo: simama mbele ya mtu asiyewahi kugusa mpira, umfundishe kuusimamisha. Hakuna kuonyesha, maneno tu. Zamu ya Hala ilipofika alipewa mwalimu wa hesabu, mama mnene mwenye miwani, aliyesimama ameshika sketi yake.

Hala alifungua mdomo, akaufunga. Dakika nzima ikapita. Mguu wake wenyewe ulikuwa ukijinyanyua kutaka kuonyesha, akawa anaukanyagia chini. Watu wakaanza kutazamana. Alimtazama Badriya, na Badriya, mikono nyuma, hakumsaidia.

Ndipo Hala akapiga hatua moja kumsogelea yule mama.

"Samahani," aliuliza, "wewe unatumia mguu gani?"